Walichoma mti wetu na hasira bado ninayo

Mti wenyewe ni wa kwenye gemu la World of Warcraft, nitaufikia, ila naanzia mbali kidogo. Mwaka 2005 lilitoka gemu linaitwa Guild Wars, na ukitaka kujua kama mtu alilicheza kipindi kile mtajie tu Ascalon afu mwangalie usoni. Unaanzia pale, nchi ya kijani, ina bustani na mashamba na ukuta mrefu upande wa kaskazini wa kuwazuia Charr, hawa ni majitu yenye sura ya paka na mapembe kichwani, na kazi unazopewa ni ndogo ndogo tu, mpelekee fulani mzigo wake, mtafutie filimbi mtoto mmoja anaitwa Gwen ambaye akishakuzoea anakufuata kila unapokwenda. Hamna presha kabisa. Alafu unakubali kuingia misheni moja, moto unashuka kutoka mbinguni, skrini inakwambia miaka miwili imepita, na ile nchi imekwisha. Majivu, vifusi, anga rangi ya kutu. Gwen hayupo. Na karakta wako harudi tena kule hata ufanye nini.

Kuna watu walikataa kuondoka. Sitanii, walibaki kwenye ile Ascalon ya kabla ya moto miezi na miezi, wengine miaka. Shida ni kwamba levo ya mwisho ni 20 na maadui wa pale ni wadogo, ukishapanda kidogo kuwaua hakukupi kitu, kwahiyo jamaa wakavumbua njia ya kichaa: unajiacha adui akuue ili yeye ndo apande levo, unarudi akuue tena, na tena, mpaka awe mkubwa wa kutosha kwamba siku ukimuua wewe unapata pointi. Masaa kwa masaa ya kufa makusudi ili tu uendelee kuishi sehemu ambayo gemu lenyewe linakutaka uhame! Watengenezaji walipoona watu hawabanduki wakaweka na cheo kabisa, Legendary Defender of Ascalon.

Ukimsimulia mtu asiyecheza atakwambia hao hawana kazi. Labda. Ila mi nadhani walikuwa wanafanya kitu ambacho mashabiki wengi wa haya magemu ya fantasia tunakifanya kimoyomoyo bila kukitaja, tunachagua kwetu. Na sababu wala sio michoro mizuri kama wengi wanavyodhani, maana Ascalon ya 2005 ukiiangalia leo ni pembe pembe tu na majani ya kubandika, kuna magemu ya sasa hivi yana milima unaweza ukalia kwa uzuri na ukishalifuta kwenye kompyuta hukumbuki hata jina la mji mmoja.

Kinachokufunga na nchi ni kuijua kwa miguu, na wenyewe kukuhesabu mwenzao. Basi. Hivyo viwili vikikosekana ni mandhari.

Chukua gemu la Morrowind la 2002. Unashushwa kwenye kisiwa cha Vvardenfell ukiwa mfungwa aliyeachiwa, huna ndugu huna pa kulala, na Dunmer wenye nchi yao hawakutaki, askari anakuita mgeni na hapo kakuheshimu, kuna majina mabaya zaidi yanakuja. Gemu halina mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Unaelekezwa kwa mdomo kama mtu, fuata njia mpaka uvuke daraja, pinda kaskazini, ukiona mawe makubwa ujue umekaribia, na mara nyingine aliyekuelekeza kakosea kabisa na wewe unazunguka kwenye dhoruba ya majivu unamtukana. Lakini ndo hapo nchi inakuingia. Unaanza kujua kwamba ukishuka Balmora ukapandia mdudu wa usafiri utatokea Ald'ruhn, na kwamba kule wakubwa wanaishi ndani ya gamba la kaa mkubwa ajabu aliyekufa zamani, na hushangai tena, unaona kawaida, we mwenyewe unawashangaa wanaoshangaa. Alafu yanakuja makabila ya Ashlander, watu wa jangwani wasiotaka kusikia habari za mgeni, na unahangaika nao mmoja mmoja mpaka wote wanne wanakubali kwamba wewe ndiye Nerevarine waliyekuwa wanamsubiri. Mtu ambaye mwanzoni alikuwa anatemewa maneno barabarani! Ukishapitishwa njia hiyo utasemaje hao si watu wako?

Sasa fikiria mtu huyo anafungua Skyrim, gemu la 2011 la dunia ile ile, stori imesogea miaka kama mia mbili mbele. Anaingia mji wa Windhelm, na karibu ya kwanza anayokutana nayo ni wanaume wawili wa Kinord, wenyeji wa pale, wanamsumbua mwanamke wa Kidunmer barabarani. Anatembea mbele kidogo anakuta mtaa mzima wa Dunmer waliojazana kwenye sehemu chakavu kuliko zote mjini. Anauliza kulikoni, anaambiwa volkano ya Red Mountain ililipuka, Vvardenfell iliharibika, waliobaki wakakimbia. Yaani hukuonyeshwa. Hakuna video, hakuna vita ya kupigana, unasikia tu kwa wakimbizi na kusoma kwenye vitabu vya humo ndani kwamba kule ulikotembea kwa miguu hakupo tena. Mi hiyo naiona kali kuliko mlipuko wowote wangeuchora. Baadaye walipotoa nyongeza ya kisiwa cha Solstheim mwisho wa 2012 unaweza kusimama ufukweni ukauona mlima kwa mbali unafuka moshi, na wakarudisha na muziki wa zamani juu yake, kwakweli hapo waliamua tu kutuua.

Na mashabiki hawakukaa kulia tu. Kuna kundi linaitwa Tamriel Rebuilt, watu wa kujitolea, walianza 2001 kabla hata Morrowind haijatoka, kazi yao ni kujenga bara zima la Morrowind ambalo gemu lilionyesha kisiwa tu, na mpaka leo bado wanatoa maeneo mapya kipande kwa kipande, miji, mapango, watu wenye majina na ugomvi wao. Zaidi ya miaka 20 bila kulipwa. Nchi ngapi za kweli zina watu wa hivyo, tuache.

Kuna upande wa pili ambao sio mzuri, na nisipousema nitakuwa naongopa. Ukishasema sisi, wanakuja na wao. Ugomvi wa Skyrim, uwe na Stormcloaks, Wanord walioasi, au uwe na Empire, dola wanayoiasi, umeendelea mitandaoni tangu 2011 na ukisoma baadhi ya hoja za watu kuhusu nani mwenyeji na nani afukuzwe unajiuliza huyu bado anaongelea gemu kweli? Wapo wenye chuki za kweli wanaojificha humo. Ndo maana naipenda sana walichokifanya Guild Wars 2 mwaka 2012. Tuliolia kwa ajili ya Ascalon tukaambiwa karibuni, safari hii mnaweza kucheza Charr. Wale wale. Miaka kama 250 imepita, Ascalon iko mikononi mwao, makao yao makuu Black Citadel yamejengwa juu ya magofu ya mji wa binadamu, na kumbe ukifuatilia historia Charr walikuwa pale kabla, binadamu ndo waliwafukuza zamani. Wao walikuwa wanarudi kwao. Na waaskaloni waliokufa wamebaki mizimu ambayo haijui imekufa, kila anayepita wanamwona Charr, wanaendelea kupigana vita iliyokwisha. Nilikuwa na karakta wa Charr nikapewa kazi ya kuwafyeka hao mizimu, watu wangu wa zamani, nikaifanya, sikujisikia vizuri na nadhani hicho ndicho walichotaka. Hawakuniomba nisahau Ascalon, waliniongezea mtu mwingine anayeipenda kwa haki ile ile.

Sasa tuje kwenye mti.

World of Warcraft, tangu 2004 kila aliyechagua kuwa Night Elf, moja ya mataifa ya upande wa Alliance, alianzia juu ya Teldrassil, mti mkubwa kama kisiwa, mwanga wa zambarau, mji wa Darnassus juu kabisa, na ukitaka kutoka kwenda duniani unashuka chini kwenye gati unapanda meli kuelekea Darkshore. Kwa wengi ndo gemu la kwanza la mtandao maishani, kwahiyo huo mti ni sehemu walipojifunzia kutembea. Mwaka 2018 kama utangulizi wa nyongeza ya Battle for Azeroth, Sylvanas kiongozi wa Horde, upande wa maadui, anafika ufukweni na jeshi, anabishana na askari mmoja anayekata roho kuhusu matumaini, anakasirika, anaamuru mti uchomwe. Unachomwa. Ukiwa upande wa Night Elf unapewa misheni ya kuokoa raia ndani ya moto, wako karibu elfu moja, muda dakika chache, huwezi, imetengenezwa usiweze.

Hiyo misheni peke yake ni nzuri, nasema ukweli, mikono ilikuwa inanitetemeka. Kilichofuata ndo tatizo. Stori nzima ikageuka kuwa ya Sylvanas, anawaza nini, ana siri gani, atahukumiwaje, na ilipofika nyongeza ya Shadowlands mwaka 2020 tukaelewa kwamba roho za waliochomwa zilihitajika kulisha mpango wa bwana mwingine huko kuzimu, kwahiyo watu wetu walikuwa kuni za kupikia stori ya mtu mwingine. Hatukupewa hata nafasi ya maana ya kuzika. Wapya hawakupata pa kuanzia pa kueleweka, wa zamani tukawa tunakwenda kwa yule dada Zidormi pale Darkshore anayekurudisha nyuma kwenye wakati kabla ya moto, ili utembee tu Darnassus, ambayo ukiifikiria ni huduma ya ajabu sana kuwepo kwenye gemu la vita. Nyumba mpya, Bel'ameth, ilikuja kufunguliwa mwanzoni mwa 2024. Ni pazuri. Ila miaka zaidi ya mitano aisee.

Na msidhani Horde walifurahi wote. Hao jamaa ndo wenye ile kelele ya For the Horde ambayo kwenye mikutano ya mashabiki ya BlizzCon ukumbi mzima unaitikia, wana fahari yao, orki wao wana habari za heshima, na ghafla wakalazimishwa kushiriki kuchoma raia bila kuulizwa, hakuna kitufe cha kukataa. Wengi walichukia kuliko sisi. Alafu waliokuwa Forsaken, wafu waliofufuka wa Horde, nao wakapoteza mji wao wa Undercity muda si mrefu baadaye, aliyeumwagia sumu ni huyo huyo Sylvanas.

Kwa hiyo mi sipingi nchi kuharibiwa. Mtengenezaji akishanipa nchi nikaizoea ana uwezo wa kuniumiza na aumize tu, ila ana deni la kuomboleza pamoja na mimi. Final Fantasy XIV wanajua kulilipa hilo. Kwenye nyongeza yao ya Shadowbringers ya 2019 wanakupeleka chini ya bahari unakuta Amaurot, mji mkubwa wa maghorofa, na hujawahi kuishi pale hata siku moja, na mji wenyewe sio halisi, ni Emet-Selch, adui yako, ameuumba upya kwa uchawi kutoka kichwani mwake kama ulivyokuwa kabla haujaangamia, hadi watu wake, mijitu mirefu yenye majoho na vinyago inayokuona wewe mtoto mdogo umepotea na inakusemesha kwa upole. Unatembea ofisi kwa ofisi unasikiliza mijadala yao ya kitaalamu. Hakuna haraka. Ukitoka pale unaelewa kwa nini yule adui yuko tayari kuua dunia nzima ili arudishiwe kwao, hukubaliani naye lakini unamwelewa, na anachokuomba mwisho kabisa ni ukumbuke tu kwamba waliwahi kuishi. Walitulazimisha kupenda nchi kupitia macho ya mtu aliyeipoteza. Sijaona aliyefanya vizuri zaidi.

Wakati mwingine hata picha haihitajiki. Dragon Age: Inquisition, 2014, ukiwa elf wa Kidalish ukoo wako Lavellan huuoni kabisa, wako mbali, unawaamulia mambo kwa barua mezani kwako na ukikosea chaguo unapata barua kwamba wameuawa. Aya chache tu za maandishi. Kuna watu walirudi kwenye sevu ya masaa mengi nyuma kwa ajili ya ile barua, na nawaelewa.

Halafu kuna kitu cha kurudishiwa. Cataclysm, nyongeza ya Warcraft ya 2010, ilibomoa dunia ya zamani ya Azeroth, Barrens ikapasuka katikati, Thousand Needles ikajaa maji, Auberdine ikaisha, na watu wakaanza kuomba seva za zamani. BlizzCon 2013 mkubwa mmoja wa Blizzard, watengenezaji wa Warcraft, akajibu jukwaani kwamba mnadhani mnataka lakini hamtaki. Agosti 2019 Classic, yaani lile gemu la zamani, ikafunguliwa na foleni za kuingia kwenye baadhi ya seva zilikuwa za masaa. Niliingia. Milima iko vile vile, njia zile zile, nikajikuta najua pa kukata kona bila kuwaza. Rafiki zangu wa kipindi kile ndo hawakuwepo, wana maisha yao, nikacheza na wageni wakawa wazuri tu, tukapotea pamoja Ashenvale usiku mzima kwa sababu mmoja wao alisema anajua njia.

Mtauliza kuhusu Dragon Age: The Veilguard ya 2024 na zile barua za kutuarifu kinachoipata Ferelden, nchi tuliyoipigania magemu mazima. Barua! Hiyo nitaiandikia siku nyingine, nikianza sasa hivi nitatukana.