Machale Yaliyosema Mawili

Gari lilipata alama 25 kati ya 30, na bado sikutaka tulinunue.

Nilikwenda kulikagua kwa niaba ya dada yangu, nikiwa katika mwaka wa tisa wa ufundi wa magari. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliandika vipengele sita kwenye karatasi: injini, gia, bodi na chasi, breki na shokomzoba, umeme, nyaraka. Kila kimoja alama 1 hadi 5, na kila kimoja kinamalizwa na kuandikwa kabla ya kugusa kinachofuata, la sivyo injini safi itazibeba breki mbovu. Masharti nayo niliyaweka usiku uleule, mbali na gari: jumla ikiwa chini ya 22 tunaondoka, na kipengele chochote kikipata 1 tunaondoka hata jumla ikiwa nzuri. Ukingoja kuweka kiwango umeshaliona gari na rangi yake, kiwango kitashuka chenyewe kulifuata.

Mpango huo si wangu. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliutumia katikati ya miaka ya 1950 kuwapima askari wapya wa jeshi la Israeli: sifa sita, alama 1 hadi 5, kisha mwisho kabisa msaili anafumba macho na kutoa alama ya hisia zake. Hiyo ya mwisho hakuitegemea sana, lakini ikaja kutabiri vizuri sawa na jumla ya zile sita. Nafasi yake ndiyo iliyoiokoa: ilitoka baada ya macho na masikio kufanya kazi, si pale mtu anapoingia mlangoni.

Boneti niliigusa kwa kiganja kwanza. Ilikuwa baridi, jambo zuri, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha shida zake za kuwaka. Kifuniko cha oili hakikuwa na ute mweupe, kwa hiyo maji na oili havijakutana. Moshi wa bluu hapakuwa, na ule mweupe wa asubuhi ulikata baada ya dakika mbili. Injini 5. Gia 4, bodi 4, breki 4. Umeme niliupa 3 kwa sababu kioo cha mlango wa kushoto kilipanda kwa kujivuta. Nyaraka 5.

Nikafumba macho. Machale yakatoa 2.

"Kaka, amua basi, kuna mwenzako anakuja jioni," muuzaji akasema, akitazama viatu vyake.

Nikaomba dakika kumi, nikasogea pembeni na kugeuza karatasi. Upande wa pili niliandika nilichoona, nilichosikia na nilichonusa tu, nilichofikiri nilikiacha. "Sina imani na hili gari" huwezi kulipima kwa lolote. "Kuna harufu" unaweza.

Yakatoka mambo manne. Manukato mawili yamening'inizwa kwenye kioo cha ndani. Matone ya unyevu ndani ya taa moja ya mbele. Zulia jipya kuliko viti. Na kile kioo kinachojivuta. Kila moja lilikuwa dogo mno kushusha alama peke yake, na harufu haikuwa na pa kuandikwa kabisa, maana orodha yangu niliitunga nikiwaza injini zilizochoka. Ila ukiyaweka pamoja, yote manne yananyoosha kidole kwenye maji.

Nikarudi, nikavuta mkanda wa usalama wa dereva. Si kipande kile anachokivuta mtu akijifunga. Niliuvuta hadi ukagoma. Kipande cha mwisho, kinachoshinda kimejiviringisha ndani ya nguzo ya mlango, kilikuwa na mstari wa kahawia. Nilipoukwangua kwa ukucha likatoka vumbi laini la tope. Chini ya tairi la akiba palikuwa na mchanga mwembamba kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki, na bolti za reli za viti zilikuwa na kutu. Gari lilikuwa limezama. Gari la namna hiyo laweza kuwaka vizuri kwa miezi. Kinachooza taratibu ni maungio ya nyaya chini ya zulia, na siku yakianza kugoma hujui uanzie lipi.

Lakini machale yalikuwa yamesema na jambo la pili: huyu muuzaji ni mwongo. Nililiamini kwa nguvu ileile. Mwaka 2009 Kahneman aliandika pamoja na Gary Klein, aliyewachunguza makamanda wa zimamoto na mwanasaikolojia aliyeiamini hisia ya wazoefu kuliko Kahneman alivyoiamini. Walikubaliana masharti mawili ya kuiamini hisia hiyo: mazingira yawe na mpangilio unaojirudia, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kujua kama alipatia au alikosea. Kwa injini ninayo yote mawili. Nikihisi ni gasketi, jioni silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iko mezani na nimeshajibiwa. Kwa waongo sina hata moja. Aliyenidanganya vizuri simjui mpaka leo.

Nikamwonyesha mkanda. Akauvuta mwenyewe mara mbili, kisha akatoa mkataba wa miezi mitano nyuma, aliponunua yeye, ukionyesha kalipa bei ya gari lisilo na dosari. Zulia alilikuta. Manukato ndiyo aliyoyaweka yeye, kwa sababu harufu ilimshinda.

Dada yangu hakulinunua. Wiki iliyofuata yule bwana akaliacha kwenye gereji yangu nimfungulie sakafu. Chini ya kiti cha abiria nikachomoa ungio la nyaya, pini zake zimeota ukijani, nikampa alishike. Akaligeuzageuza kwa muda mrefu, akauliza itachukua siku ngapi. Macho yalikuwa kwenye viatu vyake.