Vidonda vya kokoto kwenye boneti
Hatimaye nimeziba vile vidonda vya kokoto kwenye boneti ya gari, yaani pale vijiwe vya barabarani vilipobandua rangi. Rangi yenyewe ni fedha ya metaliki, na hapo ndipo penye kazi. Ndani yake mna chembechembe za alumini zinazotuama kwenye kitako cha kichupa cha rangi ya kuzibia, kwa hiyo usipoitikisa vya kutosha unapaka kijivu tu kisicho na mng'ao. Namba ya rangi niliisoma kwenye kibandiko cha fremu ya mlango. Kukisia kwa macho ni kujitafutia balaa.

Niliosha, nikafuta nta kwa spiriti. Kidonda kimoja kilikuwa kimefika kwenye bati na kutu imeanza, nikaikwangua yote kisha nikaweka praima (rangi ya msingi) kwanza. Brashi ya kwenye kifuniko niliiacha, ni nene mno. Nilitumia ncha ya kijiti cha meno: tone dogo, likauke, jingine juu yake. Mwisho vanishi angavu, ikabaki imevimba kidogo juu ya rangi ya pembeni.

Baada ya kuiacha ikomae siku kadhaa, nikasugua ule uvimbe taratibu kwa msasa namba 2000 wenye maji, halafu polishi. Hapa msiwe na pupa jamani, vanishi ya kiwandani ni nyembamba kuliko mnavyodhani!

Je, havionekani? Ukiinama jua likiwa upande, utaviona, maana chembe zilizodondoshwa hazilali kama zilizopulizwa. Ukisimama hatua mbili nyuma, huoni kitu. Mimi hilo linanitosha.