Dola ishirini za kasha jekundu

Jile ya mtoto, lile koti la kuelea majini, haikuwepo. Kijana wa boti alinipa ya mtu mzima, rangi ya chungwa iliyofifia kwa jua, akasema nifunge hivyo hivyo. Baraka akazama ndani yake mpaka nikabaki naona macho tu. Mama aliyeketi kando yangu juu ya gunia la vitunguu alitutazama kwa muda, akachana ukingo wa kitenge chake kwa meno, akamzungushia mtoto kiunoni mara mbili na kukaza fundo. Vidole vyake vilinukia vitunguu.

"Sasa huyu hata akianguka ataelea," akasema.

Nikacheka kwa adabu. Siku zile huku Goma, mashariki ya Kongo, hakuna mtu aliyecheka kwa moyo wote akisikia neno kuelea. Ilikuwa wiki ya mwisho mbele ya Noeli 2024. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule, boti iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo sana kufika Kituku, bandari ndogo ya Goma, na watu waliokuwa ufukweni waliona kwa macho yao. Lakini ungefanya nini? Vita ilikuwa imekata barabara ya Sake na Minova, kwa hiyo Ziwa Kivu ndilo lilikuwa barabara yetu: unga, maharagi, makala ya kupikia, wagonjwa, wanafunzi, wote majini. Na hizo zilikuwa bado siku nzuri. Wiki tano hivi baadaye yalitokea yale ambayo Goma yote inayajua: waasi wa M23 waliuteka mji.

Mimi nilikuwa na dola 20 na sababu moja ya kusafiri. Dola yenyewe ikipasuka hata kwa upana wa ukucha, kwetu hakuna anayeipokea, ndiyo maana nilikuwa nimezilaza noti zangu mbili ndani ya Biblia, katikati ya Wafalme, zisikunjamane. Nilikuwa nakwenda kulipa deni la mwaka 2021.

Nilizalia nyumbani, yaani kwa wazazi, bila ndoa. Usemi huo kila mwanamke wa kwetu anaujua uzito wake. Baba ya mtoto alikuwa mpiga gita wa kwaya, na mimi nilikuwa nikiimba sauti ya pili katika kwaya hiyo hiyo. Tumbo lilipoonekana, wazee wa kanisa waliniweka chini ya nidhamu: kwaya basi, Meza ya Bwana basi, na nafasi yangu ikawa benchi la nyuma karibu na mlango. Yeye aliendelea kupiga solo miezi miwili mizima, maana tumbo lake halikuonekana. Halafu akasema anakwenda Kolwezi kutafuta kazi ya madini, atatuma pesa. Simu ilifungwa kabla mtoto hajazaliwa.

Siku ya kumbariki mtoto, katibu alifungua daftari akaandika jina la Baraka, akaandika jina langu, akafika kwenye kolone ya baba. Akainua kalamu, akanitazama, akapiga mstari. Mstari mdogo tu. Nimeona lava ikifunika nyumba za watu, lakini mstari ule ndio unaonirudia usiku.

Na lava yenyewe? Jumamosi 22 Mei 2021, jioni, anga juu ya volkano ya Nyiragongo ikawa nyekundu, na mji wote ukatoka nje ukiwa na magodoro kichwani. Kesho yake ilikuwa Pentekoste. Wachungaji waliokuwa wametayarisha mahubiri ya ndimi za moto hawakuhitaji kutafuta mifano. Moto ulisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, na alfajiri ya Alhamisi 27 Mei redio ikatangaza kwamba mitaa kumi iondoke mara moja. Majengo, mtaa wetu, ulikuwamo. Wengine walikwenda Sake, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Mimi nilifuata watu bandarini, na boti ya kwanza iliyokuwa na nafasi ya kusimama ilikuwa ya Bukavu. Baraka alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilisimama naye mgongoni safari nzima. Watu wote walikuwa wakiomba kwa sauti. Mimi sikuweza, nilikuwa nahesabu taa za ufukweni, nikifika hamsini naanza tena.

Safari hii tuliondoka saa moja asubuhi. Ukitoka Goma mapema unakutana na wavuvi wa sambaza wakirudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama pembe za mdudu. Wanapiga kasia wakiimba. Baraka alitaka kujua kama samaki hao ni wa hapa. Nikamwambia hapana, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni wageni, na leo nusu ya soko letu linaishi kwa ajili yao. Sisi wawili pia. Nauza sambaza kavu soko la Virunga, napima kwa kopo la maziwa ya Guigoz, na mwanangu anajua kwa kutazama tu kopo lililojaa na lile lililodanganywa.

Mbele ya kisiwa cha Idjwi akasimama mhubiri. Hakuna boti ya Kivu isiyokuwa na mhubiri, kama vile haikosi kuku. Aliombea injini, akaombea nahodha, akatukumbusha kwamba chini yetu kuna zaidi ya mita 400 za maji na gesi imelala humo (jambo ambalo sote tulikuwa tunajitahidi kulisahau), kisha akapitisha kofia. Alipofika kwangu akatazama mkono wangu wa kushoto, akatazama mtoto.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Hayuko."

"Nakutabiria. Ndani ya miezi mitatu Mungu atakupatia bwana."

"Baba mchungaji, mimi nilikuwa nimemwomba minervali, karo ya shule ya mtoto."

Mama wa vitunguu alicheka mpaka akashika gunia. Mhubiri naye akacheka, lazima niseme ukweli, akasonga mbele na kofia yake. Sina kinyongo naye. Lakini nimetabiriwa bwana mara nyingi kuliko nilivyoulizwa kama nimekula.

Idjwi ilipita upande wetu muda mrefu, mashamba ya migomba na mananasi yakishuka hadi majini. Baraka akalala. Nikafungua Biblia pale noti zilipokuwa, na si kwa bahati zilikuwa pale: 2 Wafalme, sura ya 4. Mjane ambaye mdai wake anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Nimesoma habari hiyo tangu shule ya Jumapili, na siku zote mafuta ndiyo yaliyonishangaza. Aliyenionyesha swali ni Mama Nsimire.

Mwaka ule wa 2021 wamama wa makanisa ya Bukavu walikuwa wameshuka bandarini na masufuria ya uji. Watu walikuwa wanaandikwa. Kila aliyenikaribia aliuliza nina bwana, bwana yuko wapi, atakuja lini. Mama mmoja mfupi, mwenye unga wa ngano kwenye nyusi, akanikamata mkono akaniuliza, "Mwanangu, una nini?" Nikadhani anauliza ugonjwa. Akarudia: "Umetoka na nini?" Nikamhesabia: kitenge kimoja, kadi ya mpiga kura, simu isiyo na moto, biskuti nusu paketi. "Na mikono inajua nini?" Nikasema najua kukaanga na kukausha sambaza. "Ehe," akasema, "twende."

Usiku ule, kwake Kadutu, mtaa wa Bukavu, ndipo Mama Nsimire huyo akanisomea. Elisha hakumwuliza mjane bwana wake alikufaje, wala kwa nini aliacha madeni. Alimwuliza: una nini nyumbani? Halafu akamtuma kwa majirani kuazima vyombo, vyombo vitupu, na asiombe vichache. "Unaona," Mama Nsimire akasema, "hata Mungu alihitaji majirani wenye mabidoni."

Nilikaa kwake karibu wiki tatu. Alikuwa mjane tangu vita ya 1996, amelea watoto wanne kwa mikate ya mafuta. Aliamka saa kumi ya usiku kukanda unga, na kuomba kwake kulikuwa hapo hapo, kwa sauti, mikono ikiwa ndani ya beseni. Kila tonge alilokata alilitaja jina: huyu ni Ciza, anatafuta kazi, huyu ni jirani, mguu wake, huyu ni mwenye nyumba, umlegeze moyo. Na alilalamika! "Bwana, jana nilikuambia habari ya sukari, bei imepanda, nawe umenyamaza." Mimi nililelewa kuomba kwa lugha ya Jumapili, macho chini, maneno yamepigwa pasi. Sikujua kama inaruhusiwa kuzungumza na Mungu hivyo, kama na mwenye duka anayekujua miaka yote. Siku ya nne nilimsikia akikata tonge akisema: huyu ni Mama Baraka. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu hilo kutajwa mbele za Mungu bila kufuatwa na "lakini".

Tangu hapo naomba nikipepeta sambaza. Homa ya mtoto ikipanda usiku na hakuna wa kusema naye, "shika huyu, nichemshe maji," nasema kwa sauti, nyumba tupu, kila ninachofanya: sasa nawasha makala, sasa namwagia maji, Bwana unaona. Jirani yangu anadhani nina wazimu kidogo. Bei ya minervali haijashuka hata faranga moja kwa ajili hiyo, na upweke wa saa mbili usiku, mtoto akishalala, uko pale pale. Lakini nina mtu wa kumwambia. Na kanisani kwetu nilirudi. Nidhamu iliisha, wakaniambia naweza kusogea mbele. Nimebaki benchi la nyuma kwa kupenda kwangu. Wasichana wanaowekwa pale sasa wanamkuta mtu.

Saa nane mchana Bukavu ikatokea, rasi zake zimenyooshwa majini kama vidole vya mkono. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Motari wa pikipiki alitupandisha Kadutu matope yakiruka mpaka mgongoni, na Mama Nsimire alikuwa mlangoni, mfupi zaidi kuliko nilivyomkumbuka. "Asinge!" akasema, akamshika Baraka mashavu. "Tate wako, bibi yako huyu, hana meno tena, lakini bugali iko, na sombe."

Siku ya pili wamama wa muso yao, kikundi chao cha kuchangiana na kukopeshana pesa, walikusanyika sebuleni kwake. Kwa asiyejua: muso ina makasha. La kijani ni la mikopo, unachukua na unarudisha na faida. Jekundu ni la msiba, ugonjwa, uzazi. Mwaka 2021 dola 20 zangu za kuanzia sambaza zilitoka kwenye jekundu, na mimi sikujua tofauti. Nilijua tu kwamba nadaiwa, na miaka mitatu na nusu nilikuwa nimeziweka na kuzitoa, kuziweka na kuzitoa, homa ikila, kodi ya nyumba ikila.

Nikafungua Biblia, nikazitoa. Mweka hazina akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye kingo zote nne. Nzima. Halafu akafungua daftari la jekundu, akafunua mbele, akafunua nyuma.

"Mama, hapa hakuna kolone ya kurudisha."

"Niandike tu mahali popote."

"Jekundu halirudishwi."

Ukazuka ubishi. Mmoja akasema ziende kwenye la kijani, mwingine akasema nizirudishe mfukoni ninunulie mtoto viatu vya Noeli, Mama Nsimire akasema wamekuwa mafarisayo wa makasha. Mwishowe mweka hazina akapiga meza kwa kalamu.

"Naandika mchango. Jina?"

"Mama Baraka."

"Wa Goma?"

"Wa Goma."

Akaandika polepole, kwa herufi za mtu aliyejifunza ukubwani. Mvua ikarudi juu ya bati kwa nguvu, tukawa hatusikilizani tena, na mtu akaanzisha wimbo kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyoweza kushinda bati. Baraka alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya dirisha. Kile kipande cha kitenge cha mama wa vitunguu kilikuwa bado kimemfunga kiunoni. Tangu jana alikuwa amekataa nikifungue.