TV yetu ilikufa picha ikabaki sauti

Nilikuwa na miaka kama kumi na moja hivi TV ya nyumbani ikafa picha. Sauti ipo safi kabisa, ila kioo cheusi tii, na kwa kuwa fundi kila siku alikuwa anasema kesho, tukaishi hivyo karibu mwezi mzima. Mnadhani tuliacha kuangalia? Thubutu! Saa ya tamthilia ikifika wote tupo sebuleni tumekodolea kioo cheusi kama watu wenye akili zao, mama anatuambia nyamazeni, na kaka yangu ndo mtangazaji, "huyo kaingia", "huyo mama kaweka kikombe, kakasirika huyo". Na alikuwa anapatia! Kikombe kikigonga kisahani tu anajua ugomvi unakuja.

Picha iliporudi niliishiwa raha kidogo, sitawadanganya. Ile nyumba ya tajiri niliyojijengea kichwani, ukumbi mkuubwa, sakafu ya marumaru inayolia ko ko ko mtu akipita, kumbe kachumba tu tena kana zulia. Zulia jamani. Sasa ile ko ko ko ilikuwa inatoka wapi?

Hilo swali nimekaa nalo miaka mingi, na ndo maana watu wakianza kupiga stori za muvi kali, nani kaigiza, gari gani lililipuka, mi kichwani zinanijia sauti kwanza.

Jibu nililipata ukubwani. Sinema zilipoanza kuongea, mwishoni mwa miaka ya 1920, pale studio za Universal kulikuwa na jamaa anaitwa Jack Foley, na kazi yake ikaja kuwa kusimama mbele ya picha inayopita kwenye skrini na kutembea. Basi. Unamwangalia mwigizaji anavyotembea na wewe unatembea naye hatua kwa hatua, maiki inakunasa. Mpaka leo kazi hiyo inaitwa kwa jina lake, foli, na wanaoifanya bado wana marundo ya viatu na vipande vya sakafu za kila aina, maana maiki za kwenye seti zinahangaika na maneno ya waigizaji, hivyo nguo kusuguana, funguo, kikombe cha yule mama aliyekasirika, vingi vya hivyo vinapachikwa baadaye na mtu ambaye humjui na hutamjua. Hatua kwenye theluji ni kamfuko ka wanga wa mahindi kanabinywa. Mfupa unaovunjika ni bua la seleri, ile mboga yenye mabua yanayokatika kwa kishindo. Kwato za farasi ni vifuu vya nazi, na hii nimeijaribu mwenyewe mezani, ukitandika kitambaa farasi anapita kwenye majani, ukikitoa yuko kwenye mawe. Nilikaa na vile vifuu nusu saa nzima kama mwehu.

Halafu kuna ile ya Psycho, ya 1960, sini ya bafuni ambayo hata asiyeiona muvi anaijua. Walitaka sauti ya kisu kinavyoingia mwilini, basi wakapanga matikiti ya aina aina mezani, mtu wa vifaa anachoma moja baada ya jingine, Hitchcock, mwongozaji wa muvi, kakaa kafumba macho anasikiliza tu, mwisho akachagua aina inaitwa casaba. Kafumba macho! Niliposoma hapo nilimkumbuka kaka yangu na kioo chetu cheusi. Tena huyohuyo Hitchcock mwanzoni hakutaka muziki kabisa kwenye ile sini, mtunzi wake Bernard Herrmann akaandika hivyohivyo, fidla zinapiga mayowe, mzee aliposikia akabadili msimamo. Iangalie siku moja umezima sauti utaona nachosema, inabaki pazia, maji, mkono unapanda na kushuka, na damu ambayo ni sharubati ya chokoleti. Woga wote ulikuwa unaingilia masikioni.

Upande wa TV mi nasimama na M*A*S*H, ile ya madaktari wa jeshi la Marekani kwenye vita ya Korea, ilianza 1972 ikaenda mpaka 1983. Zama zile tamthilia ya kuchekesha lazima iwe na vicheko vya kupachika, kulikuwa mpaka na mashine yake, aliitengeneza injinia anaitwa Charley Douglass, unabonyeza kitufe watu wanacheka kidogo, unabonyeza kingine wanavunjika mbavu. Waliotengeneza M*A*S*H hawakuvitaka vicheko hivyo ila kituo kikakomaa, mwisho wakakubaliana kwamba chumba cha upasuaji hakuna mtu kucheka. Kwa hiyo unaangalia kambini watu wanataniana, nyuma kicheko, kicheko, halafu majeruhi wanafika, wanaingia kwenye upasuaji, utani unaendelea uleule na midomo ileile, ila hakuna anayecheka. Kimyaa. Ghafla unagundua hawa watu wanatania ili wasilie. Hakuna aliyekwambia, wameondoa kitu kimoja tu. Najua wengine wanasema bora vingeondolewa vyote, na kuna nchi ilionyeshwa bila vicheko kabisa, lakini mi nabishana nao mpaka kesho, bila kile kicheko cha kijinga cha kambini ule ukimya ungetokea wapi?

Nikisema hivi watu wanadhani nasifia vya zamani tu, hapana. Chernobyl ya 2019, siriizi ya ile ajali ya kinu cha nyuklia, ina sini ya wanajeshi wanapandishwa kwenye paa kuzoa kwa koleo vipande vya grafaiti vyenye mionzi vilivyorushwa na mlipuko, kila mtu kapewa sekunde 90 ashuke, na kamera haikati, unakaa nao sekunde zote 90. Maneno hamna. Pumzi ya mtu ndani ya barakoa, koleo, na kile kipima mionzi kinatatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Mi nilijikuta nimebana pumzi na sikuwa hata kwenye paa. Muziki wa siriizi ile alifanya mama mmoja wa Iceland, Hildur Guðnadóttir, akaingia na maiki kwenye kinu cha nyuklia kilichozimwa huko Lithuania, palepale walipopigia picha, akarekodi milango na mitambo ikilia akaigeuza kuwa muziki. Kwa hiyo ule mlio unaokusumbua tumbo bila kujua kwanini, ni mlango wa kinu kweli.

Sasa linganisha na haya mengine tunayoletewa siku hizi. Sitaji mtu. Wanaongea kama wameficha siri mdomoni, unapandisha sauti, ukishapandisha tu bomu linapasuka nyumba nzima inaamka, unashusha, wanarudi kunong'ona, muvi ya saa mbili umeimalizia kwenye rimoti. Na ile ya fidla kuanza kulia kabla mtu hajafa, yani mnanipa ratiba ya machozi? Ngoja nilie mwenyewe.

Haya, mwenzenu pia nina macho. Ile sini ya Lawrence of Arabia, 1962, jamaa kashika njiti ya kiberiti inawaka, anaipuliza, hapohapo tuko jangwani jua linachomoza, hiyo ni kazi ya mhariri Anne V. Coates na ni picha kabisa. Raha yake ni kwamba ilipangwa picha moja iyeyukie kwenye nyingine taratibu, lakini kwenye chumba cha kuhariri vipande vilikuwa vimeungwa tu kavukavu, wakaona palepale kwamba imeshafika. Ila na hapo msikilize anavyopuliza. Fuu. Pumzi ndo inakurusha jangwani, shauri yenu.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, kaja kunitembelea, nikamuwekea The Godfather ya 1972. Tukafika pale kwenye mgahawa, Michael kakaa meza moja na wale wawili anaotakiwa kuwaua, bunduki imefichwa chooni. Mmoja anamwongelesha Kiitaliano na muvi haikutafsirii hata neno moja, unabaki unaangalia uso wa Al Pacino, ndo Michael mwenyewe, macho yanahangaika huku na huku, na muziki hakuna. Walter Murch, aliyeshughulikia sauti, alichopaweka hapo ni treni. Treni yenyewe huioni, haijaonyeshwa, hakuna anayeitaja, ila kwa mbali unaanza kusikia chuma kinasaga chuma, inakuja, inakuja, yule mtu bado anaongea lakini humsikii tena na Michael naye hamsikii, inapiga yowe mpaka inakaribia kupasua kichwa, na hapo ndo anasimama. Baada ya risasi muziki bado hamna, mpaka aidondoshe bunduki ndo unaingia.

Mi pale huwa nafumba macho. Nimeiona mara nyingi, sihitaji tena picha.

"Mjomba, umelala? Utapitwa, anatoka chooni huyo."

"Sijalala. Nyamaza, treni inakuja."

"Treni gani tena mjomba, si wako mgahawani?"

Nikasubiri. Risasi zikapigwa, bunduki ikaanguka chini, muziki ukaingia, nikafumbua macho. Jamaa alikuwa kashachukua rimoti, anarudisha nyuma.