Zamu ya mwisho

Chama chetu kilikuwa na wanawake kumi na wawili, sote Wakenya, sote tukifanya kazi za nyumbani mjini Beirut. Kila mwezi kila mmoja alitoa dola 50, na mmoja wetu akabeba dola 600 kwa mkupuo. Tulipoanza Mei 2019 tulipiga kura ya zamu kwa vikaratasi ndani ya kikombe, nami nikatoa namba kumi na mbili. Wenzangu walinicheka. Mimi sikununa, maana zamu ya mwisho ni akiba ambayo huwezi kuila kabla ya wakati. Kule Kilifi fundi alikuwa ameshanipimia msingi wa vyumba viwili, na hesabu yetu ilikuwa mawe na saruji vinunuliwe Aprili 2020.

Lakini kufikia Aprili hiyo nchi ya Lebanon ilikuwa imeshageuka chini juu. Tangu 1997 dola moja ilikuwa lira 1,507 na ushee, na kila mtu alihesabu 1,500 bila hata kufikiri. Ulilipa kwa dola, ukarudishiwa chenji ya lira. Oktoba 2019 watu waliingia barabarani, benki zikafunga milango, na zilipofungua tena mwenye akaunti ya dola akawa anapewa kidogo kidogo kama mtoto anayepimiwa dawa ya kikohozi. Machi 2020 serikali ilishindwa kulipa deni lake la nje, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya nchi hiyo. Juu yake ikaja korona. Uwanja wa ndege ulifungwa tarehe 18 Machi, na wiki iliyofuata Kenya nayo ikasimamisha ndege za abiria. Hata mwenye nauli hakuwa na pa kuipeleka.

Sisi mambo haya tuliyasoma kwenye mshahara. Mimi nililipwa dola 200. Mwanzoni mwa mwaka madamu akaanza kunipa lira 300,000, akisema ni kile kile. Kwa hesabu ya zamani alikuwa sawa. Kwa bei ya mtaani mwishoni mwa Aprili, dola ilipokaribia lira 4,000, zile lira zilikuwa dola 75. Sitaki kumfanya madamu mwizi. Mume wake alikuwa na dola benki asizoweza kuzigusa, na siku moja madamu mwenyewe alinifuata jikoni, akasimama kando ya friji, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sisi wasichana hatuna dola za kumuuzia. Nikamwambia hatuna.

Tulikuwa nazo. Zilikuwa kwa mweka hazina wetu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, noti kwa noti. Benki isingetufungulia akaunti bila karatasi, na karatasi zetu, paspoti zikiwemo, zilikuwa kabatini kwa mabosi. Kwa hiyo wenye nyumba za marumaru walikuwa na dola za kwenye skrini, nasi tunaosugua marumaru hizo tulikuwa na dola za kushika. Nilicheka peke yangu usiku ule, ingawa kicheko chenyewe hakikuwa na afya.

Kisha wenzetu wakaanza kutolewa nje. Sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka 1946 haimhesabu mfanyakazi wa nyumbani. Kinachokushika ni kafala: kibali chako kimefungwa kwa jina la bosi mmoja, na bosi huyo akishindwa kukulipa hakuna notisi wala fidia. Wengine walipakiwa kwenye teksi na begi moja, wakashushwa Dora, karibu na mzunguko ambapo wahamiaji hukutana kila Jumapili, kana kwamba pale kuna mtu wa kuwapokea. Wengine walikuwa wamekimbia nyumba mbaya zamani, wale tunaowaita kemboi, wakiishi kwa vibarua vya usafi vya saa. Kazi za saa ndizo zilizokufa kwanza, maana hakuna aliyetaka mgeni nyumbani kwake wakati wa korona.

Chama kilikuwa na chumba kimoja mtaa wa Nabaa, pembeni mwa Beirut, cha kulala siku za mapumziko. Kwa muda mfupi tu wakajaa watu sita humo: wanachama watatu waliopoteza kazi, kemboi wawili wa Kenya, na Mghana mmoja aliyekuja na kemboi mmojawapo na ambaye hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini.

Mkutano tuliufanya Jumapili ya kwanza ya Ramadhani, juu ya paa la jengo lile, kati ya matangi ya maji na nyaya za jenereta, ili tukae mbali mbali. Siku hizo magari yalipokezana barabarani kwa namba, shufwa leo na witri kesho, na Jumapili hayakuruhusiwa kabisa. Nilitoka Ashrafieh, mtaa wa madamu, kwa miguu, nimefunga, nikijua naenda kuchukua dola zangu 600 na kurudi kabla ya kafyu ya usiku. Tulifika saba. Wengine mabosi wao walikuwa wamewakataza kutoka tangu Machi, kwa hiyo walihudhuria kwa simu. Mmoja alikuwa amejifungia bafuni na kufungulia maji ili asisikike, na kila alipozungumza sote tulisikia bomba kuliko yeye.

Mwenyekiti wetu, mama wa makamo kutoka Kakamega, alifungua kwa sala, akamwomba mweka hazina ahesabu. Noti zikahesabiwa mbele yetu: 600. Nikanyoosha mkono.

"Ngoja kwanza, dada," mwenyekiti akasema.

Akaeleza hali ya chumba. Kodi ya Aprili haijalipwa, mchele umebaki wa siku mbili, na watu sita hawana pa kwenda. Akaomba fedha za zamu ile zigeuzwe kuwa mfuko wa chumba.

Nilimwambia, "Mama, kila mmoja hapa ameshakula. Kumi na mmoja mmekula. Mimi ndiye niliyebaki na sahani tupu, na leo ndiyo mnakumbuka njaa?"

Watu wakatazama chini. Yule wa Kisii, ambaye ndiye aliyekula Mei ya kwanza kabisa, alisema kwa upole kwamba tujaliane, na mimi nikamjibu maneno ambayo mtu aliyefunga hafai kuyasema. Katibu akafungua daftari la chama, akasoma kanuni ya nne: asiyechanga hapokei. Kwa kanuni ile, alisema, hata mwenyekiti hana ruhusa ya kuwalisha kemboi kwa fedha za chama, sembuse Mghana. Hapo mabishano yakahama kutoka kwangu. Mmoja akauliza: huyo Mghana hana ndugu zake? Kemboi mmoja, aliyekuwa amekaa ngazini akisikiliza kila neno, akapanda paani na kusema Mghana ndiye aliyempa kitanda mwaka mzima alipokimbia, bila kumuuliza anatoka nchi gani. Akashuka tena. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja Mghana.

Siku hizi nikisoma kwamba wahamiaji walisaidiana wakati wa msukosuko ule, naona maneno ya upendo na umoja tele, kama kwamba tulishikana mikono na kuimba. Upo upendo, sikatai. Lakini nusu ya wanawake wale walikuwa hawapatani. Kilichotuokoa ni mweka hazina wetu na kichwa chake cha hesabu.

Alikuwa mtu wa Nyeri, asiyependa kusema. Aliinua mkono, akauliza swali moja tu: mwenye nyumba anataka kodi kwa dola au kwa lira? Tukasema lira. Kwa bei gani? Mwenye nyumba, bibi mmoja Mwarmenia, alikuwa ametuambia kodi ya dola 200 tulipe lira 300,000, ile ile ya siku zote, na kwamba Aprili tusijisumbue, tutalipa tukipata. Mtoto wake wa kiume naye alikuwa amekosa kazi.

"Basi," mweka hazina akasema, "kodi ya chumba si dola 200 tena. Ni 75. Mwezi ujao huenda ikawa 60."

Akaendelea pole pole, kama anayesoma mapishi. Mkate bei yake imepangwa na serikali, lira 1,500 kwa pakiti, kwa hiyo nao umeshuka kwa mwenye dola. Vinavyotoka nje vimepanda: mafuta, sukari, dengu, maziwa. Unga wa mahindi tuusahau. Tukibadili dola zote leo, lira zitaozea mkononi. Tusibadili zaidi ya dola mia kwa wakati mmoja, na tubadili siku ya kununua, si kabla. Alikuwa ameshapiga hesabu. Dola 440 zingeshikilia chumba na vyungu hadi Agosti. Mimi nipewe 160 siku ile ile, na zile 440 ziandikwe deni: wanachama kumi na mmoja, dola 40 kila mmoja, kwangu mimi.

Kwa mara ya kwanza siku ile nilinyamaza. Kama angeniambia nitoe kwa ajili ya Mungu, ningeondoka. Alinipa wadaiwa kumi na mmoja wenye majina.

"Andikeni," nikasema. "Wote. Na waliopo watie sahihi, na walio kwenye simu watume sauti wakitaja majina yao na kiasi."

Wakaandika. Sauti ninazo hadi leo, ile ya bafuni pamoja na bomba lake. Kanuni ya nne ikaongezewa mstari chini yake, ambao mwenyekiti aliutamka na katibu akauandika kwa wino mwekundu: chakula na kitanda kwa yeyote aliye chumbani, fedha mkononi kwa mwanachama tu. Sijaona kanuni ya msaada iliyo bora kuliko hiyo, na nimeona nyingi tangu wakati ule.

Siwezi kusema nilishuka ngazi zile nikiwa na moyo mweupe. Wahabeshi wa ghorofa ya chini walinikuta nimekaa kwenye ngazi nikisubiri adhana na mfuko wangu wa tende, wakaniuliza kulikoni. Nao walikuwa na mchezo wao, wanauita ikubu, na walikuwa wameshauvunja wiki mbili kabla kwa sababu ile ile. Mwanamke aliyekuwa zamuni, waliniambia, bado haongei na mtu. Walinifuturisha kwa shiro, mchuzi wao wa unga wa dengu, nami sikuwaambia hata neno moja juu ya hasira zangu. Baadaye sisi na wao tulitumia mtungi mmoja wa gesi, wao asubuhi sisi jioni, tukichangia kuujaza, na hilo peke yake lilituokolea fedha nyingi kuliko maboksi ya misaada.

Maboksi yalikuja, ndiyo, kutoka makanisani na kwa vijana wa Kilebanoni waliojikusanya wenyewe: mchele, bulguri, dengu, makopo. Vijana wale waliomba majina, wakaandika namba za simu, na boksi likaja kwa mtu na si kwa foleni. Nilipenda hivyo. Wapo pia waliokuja na kamera kubwa kuliko boksi. Mwenyekiti aliwapokea wote kwa heshima ile ile, ila wale wa kamera aliwaambia taa ya chumbani imeharibika.

Mweka hazina alibadili dola kama alivyosema. Ile mia ya kwanza ilileta lira 400,000. Mia ya mwisho, Julai, dola ikiwa imepita lira 8,000 mtaani, ilileta mara mbili na zaidi, ingawa madukani nako bei zilikuwa zimeruka na mkate nao umepandishwa hadi lira 2,000. Bibi Mwarmenia alipandisha kodi mwezi huo huo. Hatukumlaumu. Wanachama wawili walipata kazi tena na kuhama chumba, wengine wawili wakaingia.

Tarehe 4 Agosti bandari ililipuka. Nabaa si mbali na bandari. Vioo vya jengo zima vilimwagika, mwenzetu mmoja akashonwa mkono, na baada ya hapo kila mtu alikuwa na wazo moja tu, kwenda nyumbani. Anga ya Kenya ilikuwa imefunguliwa siku tatu kabla. Kilichobaki kwenye kopo kilimsaidia mmoja wa kemboi kuongezea faini yake ya kibali, na hiyo ni fedha mkononi kwa asiye mwanachama. Katibu alitukumbusha. Mwenyekiti akamwambia daftari limejaa vumbi la vioo, halisomeki.

Nilirudi Kilifi mwaka uliofuata. Fundi alikuwa ameshahamia kazi nyingine na bei ya mawe ilikuwa imepanda, kwa hiyo nilianza na chumba kimoja. Madeni yalikuja kwa M-Pesa, polepole, kila mmoja kwa wakati wake: wengine kwa mkupuo, yule wa Kisii shilingi mia tano mia tano kutoka Riyadh, kila mara na ujumbe wa kuniombea. Tisa wamemaliza. Wawili bado. Mmoja namba yake haipatikani tena, na nimemwachia Mungu. Mwingine yuko Kericho, ameolewa na anafuga ng'ombe wa maziwa. Nilimpigia juzi nikamwambia nitapokea hata ndama. Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.