Jigi ndogo na trela yake: jinsi nilivyozioanisha

Ukishika mkononi jigi ndogo, chambo cha kuvulia samaki aitwaye besi, yenye kichwa cha gramu 9 au 10 na sketi iliyokatwa fupi, unaelewa mara moja imetengenezewa nini. Kila kitu kimepunguzwa ili samaki aimeze yote kwa mkupuo mmoja. Kisha unafungua pakiti ya trela za plastiki laini, unatoa moja yenye urefu wa sentimita 10, unaichomeka kwenye ndoana, na jigi ndogo haipo tena. Unachokiona sasa ni kitu kirefu kuliko hata jigi ya kawaida. Mimi nilitaka jigi inayobaki ndogo baada ya kuvaa trela, na ambayo bado inashuka majini kwa mwendo ninaoutaka. Hayo mawili yanavutana, na kuyapatanisha kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia: jigi ni ndoana iliyowekewa kichwa cha risasi au tungsteni, ikavishwa nyuzi za silikoni tunazoziita sketi, na mbele ikawekwa vijiti laini vya kukinga ncha isinase kwenye magugu na matawi. Trela ni kipande cha plastiki kinachoingizwa kwenye ndoana na kuning'inia nyuma ya sketi. Wengine huichukulia kama pambo. Mimi naiona ndiyo nusu ya chambo, na kwenye jigi ndogo ni zaidi ya nusu, kwa sababu kichwa ni chepesi na trela yoyote utakayoweka inakiamrisha.

Nilianza na mwendo wa kushuka. Besi wengi huchukua jigi inapozama, kabla haijagusa chini au mara tu inapogusa. Kwa hiyo swali la kwanza kwangu halikuwa rangi wala umbo, lilikuwa hili: ikishaachiwa, inashukaje? Nilitafuta mahali pa maji maangavu yenye kina cha kuonekana hadi chini, nikatumia kichwa kilekile na mshipi uleule, nikawa nabadilisha trela tu. Tofauti inaonekana kwa macho, huhitaji kipimo chochote. Trela nyembamba isiyo na mikono ya kupiga maji inaacha kichwa kiende moja kwa moja chini, karibu kama chubwi tupu. Trela yenye magando mapana yaliyokunjamana kwenye ncha inafanya kinyume: magando yanakamata maji, yanaanza kupiga huku na huku, na jigi nzima inapungua kasi. Katikati kuna zile zenye mwili bapa na vikono viwili vinene visivyocheza sana. Hizo zikilala bapa zinateleza pembeni kidogo wakati wa kushuka, na ukizigeuza zisimame kwa ubavu zinakata maji na kushuka haraka zaidi. Trela ileile, umeizungusha robo mduara tu.

Nilipoona hivyo nikabadilisha mpangilio wa maamuzi yangu. Siku hizi sichagui uzito wa jigi kwanza halafu trela. Najiuliza nataka ishuke polepole au haraka, nachagua trela, kisha uzito unafuata. Nikiwa na kichwa cha gramu 10 na trela inayopiga maji kwa nguvu, napata mshuko unaokaribia ule wa kichwa cha gramu 7 chenye trela tulivu, lakini naweza kuirusha mbali zaidi na kuhisi sakafu vizuri zaidi. Kwenye upepo hilo lina thamani kubwa.

Joto la maji ndilo linaloniambia niende upande gani. Besi ni mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji, na maji yakiwa baridi mwili wake unafanya kazi taratibu. Hafukuzi kitu mbali wala hana haja ya kula mara kwa mara. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 10 natumia trela isiyocheza yenyewe, ile nene yenye vikono vinavyotikisika tu nikitikisa ufito wa kuvulia. Yakipanda kupita 15 na kuendelea, naleta magando yanayopiga. Kati ya hapo ni eneo la kujaribu, na mara nyingi naanza na lile tulivu. Maji yakipoa ghafla baada ya siku za joto pia narudi kwenye trela tulivu, hata kama kipimajoto bado kinasoma juu, kwa sababu samaki huwa wamejibana kwenye matawi na mawe na hawataki kufuata chochote.

Sasa urefu, ambao kwangu ndio moyo wa jambo lenyewe. Besi hali kwa kung'ata. Anafungua mdomo na vifuniko vya matamvua kwa ghafla, maji yanaingia kwa kasi na kubeba windo ndani. Akiona si kitu cha kula anakitema kwa kasi hiyohiyo. Chambo kifupi kinaingia chote. Chambo chenye mkia mrefu nyuma kinaweza kuingia nusu, na nusu hiyo isiwe ile yenye ndoana. Kwa hiyo nakata trela karibu zote ninazotumia kwenye jigi ndogo, hata zile zilizoandikwa kwamba ni ndogo.

Ninavyofanya ni hivi. Naiweka trela kando ya ndoana, kichwa chake kikigusa nyuma ya kichwa cha jigi, na naangalia magando yanaanzia wapi. Nataka mahali yanapoungana na mwili pawe pale ndoana inapoanza kupinda, ili magando peke yake ndiyo yaning'inie nje. Trela ya sentimita 8 kwa kawaida inahitaji kupoteza sentimita moja na nusu hadi mbili upande wa kichwa. Naweka alama kwa ukucha, kisha nakata kwa mkasi mkali, wima kabisa, bila mshazari. Mkato ukiwa umenyooka, plastiki inakaa bapa dhidi ya kile kijino cha nyuma ya kichwa cha jigi kinachoishikilia na haiteremki baada ya kurushwa mara kadhaa. Kwenye plastiki iliyochanganywa na chumvi utaona punje nyeupe pale ulipokata. Chumvi hiyo ndiyo inayoipa uzito na kuifanya izame vizuri, ila pia inaifanya ichanike upesi.

Kisha naingiza ncha ya ndoana katikati kabisa ya mkato. Naisukuma polepole huku naikunja plastiki ifuate mpindo, na kuitoa kwenye mstari wa katikati wa tumbo au wa mgongo. Hapa sina haraka hata kidogo. Trela iliyopinda kwa milimita chache tu inaifanya jigi izunguke ikivutwa, mshipi unajisokota, na magando yanapiga upande mmoja. Baada ya kuivalisha naivuta kando ya mashua au ukingoni, kina cha kiganja tu, na kuitazama. Ikizunguka, naitoa na kuiweka upya. Ikija imenyooka huku magando yote mawili yakifanya kazi sawasawa, naanza kuvua.

Kuna sababu nyingine ya kupenda magando yawe mafupi na yakae nyuma. Windo ambalo jigi inaliiga zaidi ni kamba wa maji matamu, yule mwenye magando mawili makubwa mbele. Kamba huyu akikimbia anarudi kinyumenyume: anapiga mkia chini ya tumbo, mwili unaruka kwenda nyuma, na magando yanaburutwa yakiwa yamebanana. Itazame jigi inavyovutwa. Kichwa kinatangulia, magando yanafuata, yamekunjwa na maji. Ni kamba anayekimbia hasa. Akisimama, anayainua magando juu kujilinda, na hapo ndipo nilipozijaribu trela za plastiki inayoelea, ile inayoitwa TPE. Jigi ikitulia chini, magando ya plastiki hiyo yanapanda yenyewe na kubaki juu, hata usipogusa ufito. Kwenye sakafu ya mawe, na maji yakiwa baridi, naipenda kuliko aina nyingine yoyote. Inavutika bila kuchanika, kwa hiyo trela moja inadumu sana. Lakini inasumbua kuingiza kwenye ndoana, na lazima ihifadhiwe peke yake. Ikigusana na plastiki laini za kawaida kwenye kisanduku, zinayeyushana na kuwa uji wa rangi mchanganyiko. Mimi naziacha kwenye pakiti zake za asili.

Sketi nayo inapaswa kulingana na trela. Nikishavalisha trela naishika jigi ndoana ikiangalia chini, naziacha nyuzi zianguke zenyewe, na kuona zinafika wapi. Zikiyafunika magando yote, magando hayo hayana kazi. Nazikata ziishie kama sentimita moja baada ya mpindo wa ndoana. Nyuzi za mbele, zile zilizo juu ya kola inayoifunga sketi, nazikata fupi zaidi, kiasi cha upana wa kidole, ili zisimame wima na kuchanua zinapokuwa majini. Sketi ikiwa nene mno napunguza nyuzi chache kutoka kila upande, kwa sababu sketi nene nayo inapunguza kasi ya kushuka, na ukiisahau hesabu yote ya trela inaharibika. Vijiti vya kinga vinakuja virefu na vigumu kupita kiasi kwa jigi ya ukubwa huu. Navikata vibaki juu kidogo tu ya ncha ya ndoana na kuvitanua kwa vidole. Samaki mdogo au mvivu hana nguvu ya kuvilaza vyote vikiwa vimesimama pamoja.

Kuhusu rangi nitasema machache. Maji maangavu: kijani cha boga au kahawia. Maji yenye tope: nyeusi na bluu, kwa sababu umbo jeusi linaonekana dhidi ya mwanga. Sioni haja ya trela na sketi kufanana kabisa. Nyuzi za kahawia na magando ya kijani vinakaa vizuri pamoja, na ncha za magando zikipakwa rangi ya machungwa inatosha. Besi wanatofautisha nyekundu na kijani vizuri, lakini bluu na nyeusi zinawachanganya, kwa hiyo sikeshi kutafuta bluu ipi inafaa. Muda wangu nautumia kwenye umbo na mshuko.

Samaki wenyewe ndio wanaonithibitishia kama nimepatia. Nikihisi mguso, nikavuta, na trela ikarudi gando moja limenyofolewa, bado ni ndefu: nakata nusu sentimita nyingine. Ikirudi imeteremka hadi kwenye mpindo, samaki aliishika kwa nyuma, na jibu ni lilelile. Nikiona ndoana inaingia juu ya kaakaa, ndani, mara kwa mara, siigusi chochote. Na kama naona mshipi unasogea pembeni jigi ikiwa bado haijafika chini, najua mwendo wa kushuka umewapendeza, na siku hiyo sibadilishi uzito wala trela hata rafiki akinisihi.

Tungsteni inastahili kutajwa hapa. Ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, na risasi ni 11.3. Maana yake kichwa cha uzito uleule kinatoka kidogo kwa umbo, na kwa kuwa ni kigumu zaidi kinapitisha mkononi habari za sakafu: changarawe inakwaruza, jiwe linagonga, tope liko kimya. Kwa jigi ndogo ni faida ya kweli, ila kumbuka kichwa kidogo kinakutana na maji kidogo, kwa hiyo kinashuka haraka zaidi kuliko cha risasi cha gramu zilezile. Trela inabidi ifidie.

Ndoana za jigi hizi mara nyingi ni nyembamba, kwa hiyo situmii ufito mgumu wa magugu mazito. Ufito wa wastani na mshipi wa florokaboni wa kubeba kilo 5.5 hadi 7 vinatosha, na nikihisi mguso nazungusha rili hadi uzito uje, kisha navuta kwa mkono uliotulia. Ndoana nyembamba haihitaji kupigwa kwa nguvu ili izame. Inahitaji ncha kali, nami nainoa kila nikitoka kwenye mawe.

Siku hizi nabeba trela za aina tatu tu: bapa yenye vikono vinene kwa maji baridi, magando ya kupiga kwa maji ya joto, na magando ya TPE kwa mawe. Kama sijui lolote kuhusu maji ninayoyakuta, nafunga jigi ya gramu 10 ya kahawia, navalisha ile bapa ikiwa imelala, nimeikata hadi vikono pekee vionekane nyuma ya sketi, na kuanza kando ya gogo la kwanza lenye kivuli.