Kosa la Kiwandani au Jeraha la Mtaani?

Muuzaji wa vitu vya kale hapa Kampala akisema, "Mzee, hii haina mwenzake," mara nyingi huwa anasema kweli, kwa sababu hakuna sarafu nyingine iliyopondwa na nyundo mahali palepale. Upekee peke yake hauthibitishi kosa la kiwandani. Kwangu mimi swali huwa ni moja: ni hatua ipi ya utengenezaji ingeweza kuacha alama hii? Nikikosa kuitaja hatua hiyo, naihesabu sarafu kuwa iliumia baada ya kutoka kiwandani.

Hatua zenyewe si nyingi. Bamba la metali hukatwa visahani vya mviringo, visahani hivyo huinuliwa ukingo, hulainishwa kwa moto, kisha kila kimoja hugongwa kati ya mihuri miwili kikiwa ndani ya pete ya chuma inayokizuia kutanuka. Bamba lisiposogea vya kutosha, mkato unaofuata huingia katika nafasi iliyokwisha kukatwa, na sarafu hutoka na pengo lililopinda kama iliyong'atwa. Pengo la aina hiyo ni rahisi kuigiza kwa tupa, lakini mwigizaji husahau upande wa pili. Ukingo huinuliwa kwa kubanwa kutoka pande mbili zinazokabiliana, kwa hiyo penye pengo hakuna kinachosukuma, na ukingo ulio mkabala na pengo mara nyingi hutoka hafifu au hukosekana kabisa. Ninapoonyeshwa sarafu iliyomegeka, hapo mkabala ndipo ninapotazama kwanza, kabla hata ya kulitazama pengo lenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati ya kuwa na shule nzuri zaidi ya somo hili, yaani senti zenye tundu: senti 1, senti 5 na senti 10 za enzi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha kikoloni kilichotoa fedha za eneo hili. Sarafu isiyo na tundu kabisa, au yenye tundu lililokwenda kombo, hutafutwa sana na wakusanyaji, na kwa hiyo hughushiwa. Iliyozibwa tundu huonyesha mstari mwembamba wa mviringo chini ya kioo cha kukuzia, na rangi ya kiraka hailingani na ya shaba iliyokizunguka. Mizani ya sonara husaidia zaidi: sarafu ambayo haikutobolewa lazima iwe nzito kidogo kuliko wenzake, kwa kuwa shaba iliyopaswa kutolewa bado imo. Nyepesi au yenye uzito wa kawaida ina maswali ya kujibu. Ama tundu lililotanuliwa, lenye kingo zilizokwaruzwa, hilo ni la fundi aliyeigeuza sarafu kuwa washa ya bolti.

Yapo pia yasiyo makosa wala majeraha. Senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka uleule, huuzwa kana kwamba kiwanda kilikosea jina, ilhali zilitolewa rasmi. Vivyo hivyo herufi ndogo H na KN ni alama za viwanda vya Birmingham, na SA ni ya Pretoria. Shilingi 1 na shilingi 2 za Uganda za mwaka 1987 hunaswa na sumaku kwa sababu ni chuma kilichopakwa shaba. Hakuna aliyechanganya madini.

Maandishi yanayoonekana mara mbili ndiyo huleta ubishi mwingi. Muhuri wenyewe ukiwa umechorwa mara mbili wakati wa kutengenezwa, kila herufi hutoka nene, yenye nakala mbili za mviringo zenye kimo kinachokaribiana, na mara nyingi ncha zake huonekana zimepasuka. Na kila sarafu iliyogongwa kwa muhuri huo hubeba alama zilezile. Muhuri uliolegea na kutetereka wakati wa kugonga huacha kitu kingine, ngazi bapa pembeni mwa herufi, kana kwamba herufi imeparuzwa na kupunguzwa. Hiyo ya pili ni ya kawaida sana na, kwa maoni yangu, haistahili kulipiwa hata shilingi ya ziada.

Kuhusu pande zilizogeuka, jaribio ni fupi. Shilingi ya zamani yenye simba ishike juu na chini kwa vidole viwili, uizungushe kama mlango: picha zote mbili zapaswa kusimama wima. Simba akilala ubavu, muhuri mmoja ulikuwa umezunguka mahali pake. Shilingi hiyo ya kabla ya 1948 ina fedha robo tu na uzito wa takriban gramu 7.8, hivyo tofauti kubwa ya uzito nayo yafaa kuchunguzwa.

Tafadhali usiisugue kwa majivu na ndimu kabla ya kuionyesha. Sehemu kubwa ya ushahidi niliouelezea imo katika tabaka jembamba la juu la sarafu, na hilo ndilo linaloondoka kwanza. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya sarafu mbili, naichukua ile chafu.